Safari ya Nje: Usilipe Usichodaiwa

   Mada ya leo ni safari ya nje ya nchi, na hasa namna ya kwenda na kurudi bila kuacha nyumba na madeni.

Watu wengi wa mkoa wa Mara wakisikia "safari ya nje" mawazo hukimbilia kwenye ndege, Ulaya, Dubai. Wanasahau kwamba nje iko karibu. Anayepanda gari stendi ya Bweri, Musoma, asubuhi, akapita Makutano, akavuka daraja la Kirumi juu ya Mto Mara na kuikata Tarime, chakula cha mchana kinaweza kumkuta Sirari. Hatua chache mbele ni Isebania, nchini Kenya. Hiyo nayo ni safari ya nje. Ina mpaka, ina mihuri, ina fedha ngeni, na ina watu ambao riziki yao ni kumlipisha mgeni kitu asichodaiwa.

Hilo la mwisho ndilo la kuzungumza leo. Mtu akitaka kubana matumizi ya safari huanza kutafuta vya bei nafuu: basi la bei nafuu, gesti ya bei nafuu, tiketi ya bei nafuu. Hakuna ubaya. Lakini kuna swali linalotangulia, na wengi huliruka. Kabla ya kuuliza "bei gani?", uliza kwanza "je, hiki nadaiwa?"

Mazungumzo yana sehemu tatu. Ya kwanza, mambo ambayo msafiri hadaiwi. Ya pili, mpangilio wa matumizi: kipi kilipiwe kwanza na kipi kisubiri. Ya tatu, fedha mkononi ukiwa njiani. Kalamu na karatasi zikiwa karibu, chukua.

Sehemu ya kwanza, basi. Mambo ambayo hudaiwi.

La kwanza ni kuvuka mpaka wenyewe. Tarehe 1 Julai 2010 Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika. Chini ya itifaki hiyo, raia wa nchi mwanachama akiingia nchi nyingine mwanachama kutembea, kusalimia ndugu au kutibiwa, hupewa kibali cha kukaa hadi miezi sita, na kibali hicho hakilipiwi. Mwanafunzi anayekwenda kusoma ana kibali chake, nacho hakilipiwi. Hata Kenya ilipoanzisha Januari 2024 kibali cha kielektroniki ambacho wageni wa nchi nyingi hukiomba na kukilipia kabla ya kusafiri, raia wa nchi za Jumuiya waliachwa nje ya malipo hayo.

Rudia hapo, msikilizaji. Mtanzania mwenye hati halali ya kusafiria halipi viza kuingia Kenya. Halipi kuingia Uganda. Anachohitaji ni hati.

Sasa tuseme kuna kijana wa Tarime mwenye shangazi Migori. Anataka kwenda kumwona. Ameambiwa kijiweni kwamba getini kuna malipo makubwa, kwa hiyo anaamua kupita njia ya panya. Anampa bodaboda nauli ya kumzungusha. Anampa mwenyeji wa kumwonyesha kichochoro. Akifika ng'ambo anaishi roho juu, kila gari la polisi linampeleka chooni, na akishikwa anaanza kutafuta fedha za kujinasua. Jumlisha matumizi yake yote. Ametoa fedha mara tatu, mara nne, kukwepa ada ambayo haipo.

Je, woga huo ulitoka wapi? Huenda wazee wanaosikiliza wanaujua mzizi wake. Kulikuwa na wakati ambapo Musoma na Kisumu zilikuwa zikitazamana bila shida. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilizunguka Ziwa Victoria lote, ikigusa Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell kule Uganda, na hadi mwaka 1966, kabla kila nchi haijatoa shilingi yake, abiria wake walitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Kisha Jumuiya ya kwanza ikavunjika. Februari 1977 Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, ukabaki umefungwa hadi mwaka 1983. Wakurya wana koo zilizokaa pande zote mbili za mpaka, Wajaluo vilevile. Kwa miaka hiyo, msiba ukitokea ng'ambo, kichochoro kilikuwa ndiyo barabara. Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, mambo yakabadilika, lakini mazoea ya kichochoro yameendelea kuishi kwa baadhi ya watu kana kwamba geti bado limefungwa.

Siku hizi Sirari na Isebania ni kituo cha pamoja cha mpakani. Maana yake ni kwamba maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja. Ukienda Kenya unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia upande wa Isebania. Ukirudi, yote mawili yanafanyika Sirari. Foleni ni moja, jengo ni moja. Kwa hiyo yule kijana anayekufuata nje na kukwambia "nipe pasipoti nikuharakishie", hana cha kukuharakishia. Pasipoti inabaki mkononi mwako mpaka dirishani.

La pili usilodaiwa ni sindano ya pili ya homa ya manjano. Hapa watu wengi huliwa fedha zao kwa kutojua. Zamani kadi ya chanjo hiyo ilihesabiwa miaka kumi, na ikiisha unachanjwa tena. Shirika la Afya Duniani likabadili kanuni, na tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi ya homa ya manjano ni ya maisha. Hata kadi za zamani zilizoandikwa tarehe ya kuisha zimehesabiwa za maisha. Kama ulichanjwa mwaka 2009 na kadi yako ingalipo, bado ni nzima. Itunze, ifunike kwa nailoni, ipige picha na simu.

Kwa ambaye hajachanjwa kabisa, kuna jambo moja la kushika: kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Anayekwenda kuchanjwa siku moja kabla ya safari amelipa, ameumwa mkono, na kadi yake bado haijaanza kazi.

La tatu ni kwa wanaokwenda mbali, Ulaya. Nchi 29 za eneo la Schengen, zikiwemo Ujerumani, Ufaransa, Italia na Uholanzi, hutumia viza moja ya matembezi. Anayekwenda kumwona dada Ujerumani kisha akapita Ufaransa kusalimia rafiki haombi viza mbili. Na mtoto aliye chini ya miaka 6 halipiwi ada ya viza hiyo. Mtu akikupigia hesabu ya viza ya Ufaransa pekee na ya Ujerumani pekee, au akakuwekea ada ya mtoto wa miaka minne, jua uko mbele ya kishoka.

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza. Kuvuka Sirari kwa hati halali, bure. Kuchanjwa homa ya manjano mara ya pili, hakuhitajiki. Viza moja kwa nchi nyingi, na mtoto mdogo hadaiwi.

Tuingie sehemu ya pili: kipi kilipiwe kwanza.

Jibu ni fupi. Hati kwanza, tiketi mwisho. Wengi hugeuza. Wanaona tangazo la tiketi ya bei nafuu, wanalipa usiku huohuo, halafu asubuhi ndipo wanaanza kutafuta cheti cha kuzaliwa. Kuanzia hapo kila kitu kinafanywa kwa haraka, na penye haraka vishoka hawakosi.

Anza na pasipoti. Tangu tarehe 31 Januari 2018 Tanzania inatoa pasipoti ya kielektroniki. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Gawanya mwenyewe: shilingi 15,000 kwa mwaka. Fomu inajazwa kwenye mtandao wa Idara ya Uhamiaji, na malipo yanafanyika kwa kumbukumbu namba, ile ambayo mtaani inaitwa kontro namba, benki au kwa simu. Fedha haipiti mkononi mwa mtu. Kama hujui kujaza fomu, mlipe kijana wa stesheneri kazi yake ya kujaza na kuchapa, na ishie hapo. Anayekwambia ana mtu wake ndani na umwachie laki mbili na nusu amekuuzia jina la mtu, kwa sababu bei ya kitabu inajulikana.

Je, ni lazima pasipoti? Kwa aliye na safari moja ya karibu, tuseme mazishi Kisii au harusi Kampala, ipo Hati ya Dharura ya Safari, ambayo ofisi za Uhamiaji hutoa kwa gharama ndogo kuliko ya pasipoti. Inamtosha msafiri wa mara moja. Lakini mama anayefuata nguo Kenya mara kwa mara, akikata hati ya dharura kila inapokwisha, baada ya muda atakuwa amelipia pasipoti nzima na pasipoti hana. Hesabu safari zako za mwaka ndipo uchague.

Baada ya pasipoti inafuata viza, kwa nchi zinazoihitaji. Hapa msikilizaji ajue jambo moja linalouma: ada ya viza ni malipo ya kushughulikia maombi. Ukinyimwa, hairudi. Ada ya Schengen kwa mtu mzima ilipanda Juni 2024 kutoka yuro 80 hadi yuro 90. Kwa hiyo kila karatasi iliyokosekana kwenye maombi inaweza kukugharimu yuro 90 nyingine, pamoja na nauli ya kurudi tena Dar es Salaam.

Chukua mfano wa mwalimu wa Bunda aliyealikwa na dada yake Ujerumani. Kanuni za Schengen zinamruhusu kupeleka maombi mapema hadi miezi sita kabla ya safari, na zinataka asichelewe chini ya siku 15. Anatakiwa awe na bima ya safari ya matibabu inayofikia angalau yuro 30,000. Anatakiwa aonyeshe mpango wa safari. Sikiliza vizuri hapo: mpango wa safari, yaani nafasi aliyoiwekesha. Tiketi iliyolipiwa moja kwa moja isiyorudishiwa fedha aiache mpaka viza iwe ndani ya pasipoti. Mwalimu akifuata utaratibu huo, hata akinyimwa amepoteza ada tu. Akikata tiketi kwanza, amepoteza ada na tiketi.

Sasa tiketi yenyewe. Mtu wa Mara ana bahati ambayo wa mikoa mingine hana, naye mara nyingi haitumii. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Musoma. Nairobi iko karibu zaidi, na Mtanzania haingii Nairobi kwa viza. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya Ulaya, India au Ghuba, gawanya karatasi sehemu mbili. Upande mmoja andika safari inayoanzia Dar es Salaam, upande wa pili inayoanzia Nairobi. Usiandike bei ya ndege peke yake. Andika basi la kukufikisha uwanjani, chakula cha njiani, usiku wa gesti, teksi ya alfajiri, na mzigo unaoruhusiwa bila malipo ya ziada. Kisha jumlisha chini. Wakati mwingine Nairobi itashinda. Wakati mwingine ndege ya ndani kutoka Mwanza, iliyounganishwa kwenye tiketi moja na ya nje, itashinda. Karatasi ndiyo itakayosema.

Na ile tiketi moja ina maana kubwa. Ukiwa na tiketi moja ya safari nzima, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika linatafuta namna ya kukufikisha. Ukiwa na tiketi mbili ulizonunua mbalimbali ili kuokoa fedha, ya kwanza ikichelewa, ya pili imekwenda na fedha yako. Anayechagua tiketi mbili aache nafasi ya kutosha katikati, ikibidi usiku mzima.

Kabla ya kutoka sehemu ya pili, liko swali la nani analipa. Historia ya mkoa huu ina mfano mzuri. Kijana wa Butiama, Julius Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge hapa Musoma mwaka 1934, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili wa masomo. Miaka michache baadaye, Machi 1955, alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuieleza hali ya Tanganyika, na nauli ya safari hiyo ilipatikana kwa michango ya wanachama wa chama chake, TANU. Safari mbili, njia mbili za kulipa: mfadhili, na mchango wa watu.

Njia zote mbili zingali zinatumika Mara. Kuna wanaokwenda kusoma kwa ufadhili, na kuna wanaopelekwa kutibiwa India kwa michango ya ukoo, kanisa, msikiti na vikoba. Kwa anayelipiwa, swali letu ni lilelile: nadaiwa nini? Barua ya ufadhili isomwe mstari kwa mstari. Je, tiketi imo? Ada ya viza je? Bima? Posho inaanza siku ya kufika, au baada ya mwezi? Wapo wanaouza ng'ombe kununua bima ambayo mfadhili alikwisha kuilipia. Wapo pia wanaofika baridini bila senti wakidhani posho inawasubiri uwanjani. Wote wawili waliisoma barua haraka, wakafurahi, wakaifunga.

Kwa safari ya michango, bajeti iandikwe kabla ya kikao cha kwanza, iwe na fungu la mgonjwa na fungu la msindikizaji. Msindikizaji husahaulika. Naye anakula, analala, analipa viza.

Kwa kifupi, sehemu ya pili: hati kwanza, viza ifuate, tiketi mwisho, pima Nairobi na Dar es Salaam kwenye karatasi, na kama unalipiwa, jua unalipiwa nini.

Sehemu ya tatu. Sasa umefika Sirari, begi mgongoni, muhuri uko kwenye pasipoti. Fedha.

Utawaona wabadilishaji fedha wakiwa na maburungutu yaliyofungwa kwa mipira, kikokotoo mkono mmoja. Wanaita: "Kenya! Kenya! Chenji!" Watazame wanavyohesabu. Vidole vinakwenda mbio, na ukikaa vibaya kuna noti moja imekunjwa katikati na kuwekwa ndani ya burungutu, ikahesabiwa ncha hii na ncha ile. Unapokea noti kumi na tisa ukidhani ni ishirini. Dawa yake ni kuzipokea, kuzinyoosha moja moja, na kuzihesabu mwenyewe kabla fedha yako haijatoka mfukoni. Kikokotoo nacho tumia cha simu yako.

Afadhali zaidi, badilisha benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, linalokupa risiti. Tofauti ya kiwango unaiona ndogo, lakini tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme ubao wa benki unasema shilingi moja ya Kenya ni shilingi 20 za Tanzania, na mtu wa mpakani anakuuzia kwa 21. Shilingi moja tu! Ukinunua shilingi 15,000 za Kenya, shilingi moja hiyo imekuwa 15,000 za Tanzania. Sasa tuseme umerudi na 2,000 za Kenya hujazitumia, naye anazinunua kwa 18 na nusu. Ulizinunua kwa 21, kwa hiyo kwa hizo umepoteza 5,000. Ndiyo maana ni vizuri kubadilisha kiasi utakachotumia kweli.

Na dola je? Kwa safari ya Kenya au Uganda, dola hazina kazi. Anayenunua dola Musoma kisha akaziuza Kisumu kupata shilingi za Kenya amebadilisha mara mbili, na kila mara amekatwa. Toka shilingi uingie shilingi.

Simu nayo inasaidia. Tangu mwaka 2015 mtu aweza kutuma M-Pesa kati ya Vodacom ya Tanzania na Safaricom ya Kenya. Usibebe fedha zote kibindoni. Nyumbani waweza kukutumia nyingine zikihitajika. Ila kabla ya kuweka namba ya siri, soma kiwango kilichoandikwa na makato yake, uvilinganishe na kile cha benki. Na kwa wenye kadi za benki, mashine ya nje ikikuuliza kama unataka kukatwa kwa fedha ya nchini kwako au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo. Ukichagua ya kwako, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, na hakipangi kwa faida yako.

Nauli. Hapa Mtanzania akivuka hushangaa. Huku kwetu nauli za mabasi zina kikomo kinachowekwa na mamlaka ya usafiri, LATRA, na ukizidishiwa una pa kulalamika. Kenya nauli za matatu hupangwa na wenye magari. Mvua ikinyesha jioni, nauli inapanda jioni hiyohiyo. Ikikaribia Krismasi, au shule zikifungwa, magari ya kutoka Nairobi kwenda Kisii na Migori hupanda bei, na baada ya sikukuu yanayorudi Nairobi nayo hupanda. Kwa hiyo anayeweza kuchagua siku, asafiri katikati ya wiki, asafiri asubuhi, na asirudi siku moja na wanafunzi. Aulize nauli kwa abiria aliyekwisha kukaa ndani, kisha amlipe makanga akiwa garini, asimlipe mtu anayeita abiria nje.

Mabasi ya usiku kwenda Nairobi huokoa fedha ya gesti. Lakini uangalie saa ya kufika. Ukishushwa saa tisa usiku katikati ya jiji usilolijua, ile fedha ya gesti itachukuliwa na teksi, au na mwingine usiyemtarajia. Tafuta basi linalofika kumepambazuka.

Chakula hakina maneno mengi. Vibanda vya Kenya vinapika vizuri: chai ya maziwa na chapati asubuhi, ugali na sukuma mchana. Mtu wa Musoma asiende Kisumu akalipa bei ya hoteli kwa sato wa ziwa lilelile alilolala akilisikia nyumbani. Ale kuku siku hiyo.

Simu ukiwa nje, zima data kabla ya kuvuka. Ukiacha imewashwa, programu zinajisasisha zenyewe, na salio la wiki linaisha kabla hujafika Migori. Anayekaa zaidi ya siku chache anunue laini ya huko, aisajili kwa pasipoti yake.

Mizigo. Kwa wanaopanda ndege, kilo za ziada uwanjani huuzwa ghali kuliko karibu kila kitu kilichomo ndani ya begi. Pima nyumbani. Huna mizani? Peleka begi kwa muuza samaki yeyote mwaloni Mwigobero, Musoma, litundike kwenye mizani ya sangara, uone. Na usijaze nyama kavu na samli kwa ajili ya ndugu walioko Ulaya: nyama na maziwa ya msafiri kutoka nje ya Ulaya hayaruhusiwi kuingia, yataishia kwenye pipa la uwanjani, na wewe umelipia uzito wake.

Mifuko ya rambo iache. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Faini za Kenya kwa jambo hilo zinahesabiwa kwa mamilioni ya shilingi zao. Zawadi za shangazi zifungwe kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa.

Hiyo ndiyo sehemu ya tatu: hesabu fedha mwenyewe, badilisha mara moja tu, chagua siku ya kusafiri, zima data, pima begi.

Limebaki jambo moja dogo la marejeo. Ukirudi, noti za Kenya zilizobaki zibadilishe kabla hujaondoka mpakani, au ziweke kwa safari ijayo iwapo ni ya karibu. Sarafu za chuma zitumie hukohuko Isebania, nunua hata maji, kwa sababu huku wabadilishaji wengi hawazitaki. Usizifungie kabatini miaka. Mwaka 2019 Kenya ilitoa noti mpya, na kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo noti ya zamani ya shilingi 1,000, ile yenye picha ya Mzee Jomo Kenyatta, haikuwa fedha tena. Waliokuwa wamezifungia ndani ya Biblia na chini ya magodoro upande huu wa mpaka, wakazikumbuka Novemba, walikuta wamebaki na picha.

Basi, msikilizaji, kwa leo tuishie hapo. Kama una safari mwaka huu, kazi ya usiku huu ni ndogo: toa pasipoti uangalie inaisha lini, kwa sababu nchi nyingi zinataka ibaki na angalau miezi sita, kisha itafute kadi yako ya homa ya manjano. Vikipatikana vyote viwili, viweke pamoja kwenye bahasha moja.